Tochi, Kalipa na Tela Langu

Mwanzoni mwa 2018 Mtwara kulikuwa na pesa. Korosho za msimu ule zilipita shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, na kila mwenye shamba Tandahimba au Newala alikuwa na nyumba anayoiezeka au pikipiki anayojifunza kuiendesha. Mimi nilikuwa na mikorosho niliyoachiwa na mama, Fuso moja iliyochoka, na miaka tisa nyuma ya usukani wa magari ya watu. Nikauza Fuso, nikaongeza fedha za korosho, nikanunua kichwa cha lori kilichotumika pamoja na tela la ekseli tatu. Kichwa kina tairi kumi, tela kumi na mbili. Jumla 22. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba mwenye tela ni mwenye tairi kwanza, mengine baadaye.

Huku kwetu jambo kubwa halifanyiki bila mjomba. Wangu aliendesha malori Masasi, Nachingwea na Lindi tangu enzi za vumbi tupu, alipokuwa hata sharubu hazijamjaa vizuri, kwa hiyo sikuwa namheshimu kwa ajili ya ukoo tu. Tulipanda basi pamoja kwenda Dar es Salaam kuliona tela. Muuzaji alikuwa amelipiga rangi mpya ya bluu, ameandika na maneno ya dini ubavuni. Mjomba hakuitazama rangi. Aliomba kipande cha boksi, akakitandika chini ya pua ya tela, akalala chali, akawasha tochi. Mfukoni alikuwa na kalipa, kile kipimo cha unene cha mafundi wa kukereza vyuma, imefungwa kwenye leso.

Alikuwa anapima pini. Kwa asiyelijua tela: chini ya pua yake kuna pini fupi ya chuma inayoning'inia. Kichwa nacho kimebeba mgongoni sahani nzito yenye mdomo uliofunguka kwa nyuma. Unarudisha kichwa chini ya tela, pini inaingia mdomoni, taya zinafunga. Basi, hapo ndipo uzito wote unapovutwa. Pini mpya ina unene wa milimita 50.8, yaani inchi mbili kamili. Ikishuka hadi 49, imekwisha kazi. Ile yetu ilisoma 48.6.

"Mzee, milimita mbili tu hizo," muuzaji akacheka.

"Ndizo zitakazokuwa zinagonga kila akishika breki," mjomba akajibu huku bado amelala. "Na wewe hutakuwepo kuzisikia."

Fundi wa muuzaji akasema basi tuijazie kwa kuchomelea, nusu saa tu. Mjomba akainuka, akajipangusa vumbi, akaanza kutembea kuelekea getini. Pini ya kujazia moto haipewi mzigo. Chuma chake kimekwisha kubadilika na kitakatika siku usiyoipanga. Tukaitwa turudi. Bei ikashuka, tukanunua pini mpya, ile inayofungwa kwa bolti nane, nayo ikafungwa tukiwa tumesimama hapo hapo. Kwa jumla tuliondoka na tela ambalo ubovu wake umepungua kidogo, na mimi nikiwa na aibu, kwa sababu ningekuwa peke yangu ningenunua rangi ya bluu.

Sahani ile ya mgongoni mwa kichwa Waingereza wanaiita gurudumu la tano. Nilidhani ni utani wa madereva mpaka nilipoelezwa kwamba magari ya kuvutwa na farasi yalikuwa na gurudumu lililolazwa bapa juu ya ekseli ya mbele ili gari lipate kugeuka, na jina likabaki. Siku hizi mpwa wangu hunionyesha kwenye simu video za Marekani: wazee waliostaafu wanavuta nyumba nzima, ina jiko na kitanda na bafu, kwa pikapu. Ukitazama ndani ya bodi ya pikapu utaiona sahani ile ile, ndogo tu, imefungwa juu ya ekseli ya nyuma. Wao wanabeba makochi, sisi tunabeba korosho. Makosa, nikisikiliza wanavyosimulia, ni yale yale.

Msimu uliofuata, Novemba 2018, serikali ilinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi ndiyo yaliyoingia vijijini kubeba. Tela langu likakaa chini ya mkorosho wiki nyingi. Nilidhani gari lililosimama halili. Linakula. Hewa ya chumvi ya Mtwara iliingia kwenye dramu za breki, breki za upande mmoja zikashikamana na kutu. Tairi za upande wa jua zikapasuka nyufa ndogondogo kama kisigino cha mtu wa shamba, huku meno yake bado marefu. Grisi ya sahani iligeuka gundi iliyochanganyika na mchanga, na mchanga ndani ya grisi ni msasa. Nilikwangua yote kwa mbao na dizeli ndipo nikapaka mpya. Baadaye nikapata kazi ya saruji kutoka kiwandani Msijute kupeleka Masasi, na tela likaamka.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Novemba 2020, Masasi, kwenye uwanja wa ghala. Tela lilikuwa na magunia 350 ya korosho, ya kilo 80 kila moja, yaani tani 28. Jioni niligundua sentabolti ya springi ya kichwa imekatika. Nikaamua kuliacha tela pale na kupeleka kichwa kwa fundi. Nikateremsha miguu ya tela juu ya mchanga, nikatoa mipira ya upepo wa breki, nikafungua taya, nikaondoka. Mbao za kuweka chini ya miguu zilikuwepo, zimefungwa pembeni ya kichwa kwa kamba safi. Nilikuwa na haraka, na kamba safi nayo inachukua muda kuifungua.

Usiku mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi miguu imezama, pua ya tela imeinama kama mtu anayetafuta sarafu. Mimi na mpwa wangu, ambaye ndiye utingo, tukaanza kuzungusha hendeli. Tela likiwa na mzigo linainuka kwa unywele, unazungusha mpaka mabega yanalia. Tulipolifikisha usawa tukasukuma mbao chini ya miguu, tukazungusha tena, kisha nikasema neno lililonigharimu: "Ongeza kidogo, lisije likagonga sahani."

Nikarudisha kichwa. Nikasikia "kaa!" Sauti tamu kuliko zote katika kazi hii, ndiyo taya zinafunga. Mpwa akachomeka mipira ya upepo, nikasubiri geji ipande, naye akazungusha miguu juu mpaka mwisho. Nikaingiza gia.

Tulikwenda labda mita 15. Nilipoanza kukata kona ya geti nikahisi kichwa kimekuwa chepesi, kama mtu aliyekushika mkono akauachia. Kisha sauti ambayo sitaisahau, na kwenye kioo nikaona pua ya tela inashuka. Mipira ya upepo ikakatika kwa mlio wa bunduki. Upepo ulipotoka, breki za tela zikajifunga zenyewe, kama zilivyoundwa zifanye, na hilo ndilo lililolizuia lisiendelee kututelezea kwa nyuma. Pua ikapiga mkia wa chasisi, ikalala juu ya tairi za nyuma za kichwa, kisha ikateleza hadi chini. Mguu mmoja ulipinda ingawa ulikuwa umepandishwa. Magunia ya mbele yakamiminika.

Mpwa wangu alikuwa amepita mahali pale hatua tatu kabla. Tatu, nilizihesabu baadaye kwa nyayo zake kwenye mchanga uliolowa.

Kwa nini ilisikika "kaa" wakati hakikufunga kitu? Kwa sababu tela lilikuwa juu mno. Pini haikuingia mdomoni. Ilipita juu ya taya, ikazigusa vya kutosha kuzifyatua, zikafunga hewa. Sikio langu likaambiwa ukweli nusu. Ningeinama ningeona uwazi kati ya sahani na sakafu ya tela, uwazi wa kupenyeza vidole, na ambapo tela limekaa vizuri hapapaswi kupenya hata karatasi. Lakini nani ainame, wakati amesikia?

Kreni haikuwepo. Makuli walishusha magunia yote 350, kisha tukaliinua tela kwa jeki na magogo, shubiri kwa shubiri, siku nzima na nusu. Mipira, mguu, madigadi, ujira wa makuli wa kushusha na kupakia tena: ilipita milioni mbili. Mwenye mzigo hakunipigia kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akanitazama tu.

Mjomba nilimweleza kwa simu. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Miguu uliipandisha lini?" Nikamwambia, kabla ya kuondoka. "Kabla ya kuvuta au baada ya kuvuta?" Sikuelewa swali. Akanielekeza upya kama mtoto wa jando, na tangu siku ile sijabadilisha chochote.

Kabla ya kurudisha kichwa, nashuka kutazama kimo. Pua ya tela inatakiwa iwe chini kidogo ya sahani, ili kichwa chenyewe kikiingia kiinyanyue. Ikiwa juu, nashusha, hata kama mvua inanyesha. Narudi polepole, nasikia "kaa", na hiyo "kaa" naichukua kama salamu, bado hatujaanza mazungumzo. Nachomeka mpira mwekundu tu baada ya kuhakikisha nimesimamisha kichwa kwa breki ya mkono, kisha, tela likiwa bado limefungwa kwa breki yake ya kuegesha na miguu iko sentimita chache tu juu ya ardhi, naingiza gia ndogo na kuvuta mbele taratibu. Kichwa kinatakiwa kigome. Navuta tena. Halafu nazima, nashuka, naingia chini na tochi, mchana hata usiku, kwa sababu kule chini jua halifiki. Natafuta vitu vitatu: taya zimeizunguka pini kwa nyuma yake, hakuna uwazi juu ya sahani, na mkono wa kufungulia umerudi ndani wote na kufuli lake lipo. Baada ya hapo ndipo miguu inapanda. Ikitokea pini imekosea, tela litashuka sentimita chache likae kwenye miguu yake, nami nitaona haya peke yangu.

Inachukua dakika sita. Nimewahi kuzipima, kwa sababu madereva wengine hupiga honi nyuma yangu.

Kuhusu mizani nitasema kifupi. Tangu Machi 2019 mizani zetu zinafuata sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na anayejua jumla ya uzito tu bado hajajua kitu. Ekseli ya usukani ni tani 8, mbili za nyuma za kichwa tani 18, tatu za tela zenye tairi pacha tani 24. Msimu mmoja nilifika nikiwa na tani 47 na kidogo, nacheka, kwa sababu ruhusa yangu ni 50. Ekseli za nyuma za kichwa zikasoma 19.2. Vijana wa kupakia walikuwa wameanza mbele wakajaza hadi juu, nyuma wakamalizia kwa magunia yaliyobaki. Tukahamisha magunia 20 kutoka mbele hadi nyuma kabisa, juani, na uzito ukatulia bila kupunguza hata kilo moja. Tangu hapo ninasimama kwenye bodi wakati wa kupakia, na sinywi chai na mwenye ghala mpaka mstari wa mwisho. Lakini pia usikimbilie kuweka mzigo wote nyuma: tairi za kichwa zikiwa nyepesi, barabara ikilowa zinateleza, na tela litakusukuma hadi kichwa kigeuke kulitazama. Tela tupu kwenye mvua ni hivyo hivyo. Hapo hata breki ya injini siitumii, maana inazishika tairi zile zile za kichwa peke yake.

Mteremko wa kutoka Newala kwenda Masasi ulinifundisha breki. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na kushuka kwake si kwa mchezo ukiwa umebeba. Nilishuka na gia kubwa, mguu umekaa juu ya breki muda wote, nikijiona mpole. Katikati nikasikia harufu. Kwenye kioo tela linafuka moshi kama tanuri la mkaa. Nilipata mahali pa kusimama, mpwa akaweka mawe nyuma na mbele ya tairi, akakimbia na ndoo ya maji.

"Weka ndoo chini!" nikampigia kelele.

"Mjomba, inaungua!"

"Weka chini, nimesema." Dramu iliyoiva ukiimwagia maji inapasuka. Inaachwa ipoe yenyewe, na wewe unakaa mbali na tairi, kwa sababu tairi lililopikwa linaweza kulipuka. Tulikaa zaidi ya saa moja tukila ming'oko tuliyonunua njiani.

Ubaya wa breki ya upepo ni kwamba dramu ikipata moto inatanuka, kwa hiyo kiatu cha breki kinalazimika kusafiri mbali zaidi kuifikia, na mkono unaokisukuma una mwisho wake. Unakanyaga, upepo upo, geji iko sawa, gari haisimami. Nilipofika Masasi fundi akafungua akakuta breki mbili kati ya sita za tela zilikuwa hazifanyi kazi kabisa. Slaki zake, vile vifaa vya kukaza breki kiatu kikilika, zililegea muda mrefu. Nne ndizo zilizokuwa zinabeba kazi ya sita. Siku hizi slaki zinakaguliwa kabla ya kila mteremko mrefu, na nashuka kwa gia ndogo tangu kileleni, maana ukishaanza kukimbia hiyo gia haitakubali kuingia. Breki naikanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, mwendo ukishuka naachia, dramu zipate kupumua. Wanaonipita hapo huwa nawakuta mbele.

Rivasi ndiyo iliyonichelewesha kuitwa dereva wa tela. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko na barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, malori tulipanga foleni isiyo na mwisho. Ikafika mahali tunaambiwa turudi nyuma tuwapishe wa ujenzi. Kurudi nyuma na tela lenye mzigo, bega la barabara limelowa, mtaro kila upande! Nilifanya kama mjomba alivyonionyesha: mkono shika usukani kwa chini, saa sita ya chini, kisha upeleke unakotaka mkia wa tela uende. Ukitaka mkia kulia, mkono kulia. Akili inatulia. Kidogo, kidogo, na ukiona tela limekunja kuliko ulivyotaka usibishane nalo, songa mbele linyooke, uanze tena. Mpwa alisimama pale ninapomwona kwenye kioo, nikimpoteza nasimama. Jamaa mmoja mbele yangu alikuwa na watu wanne wanaomwelekeza, kila mmoja na sauti yake. Aliishia mtaroni.

Mpwa sasa ana leseni yake na hushika usukani kutoka Mnazi Mmoja ya Lindi hadi Mtwara, mwendo wake 70, ingawa ruhusa yetu ni 80. Mjomba ametangulia mbele ya haki mwaka juzi, baada ya mavuno. Kalipa yake ilibaki kwangu, bado ndani ya leso ile ile.

Wiki iliyopita tuliliegesha tela nyumbani kusubiri msimu. Mbao nne chini ya miguu, magogo chini ya ekseli ili tairi zisilale upande mmoja, magunia yamefunika zile za upande wa jua. Nikiwa nafunga turubali nikaona miguu ya mpwa inachomoza chini ya pua, na mwanga wa tochi unatembea.

"Inasoma ngapi?" nikamuuliza.

"Hamsini na nukta mbili, mjomba." Akakaa kimya kidogo. "Hivi kalipa kama hii mpya wanauza shilingi ngapi?"